Mwalimu wa Kwaya na Mlango Uliofungwa

Wacera alianza kumshuku Mwalimu Mwangangi Jumamosi ile alipowaambia waimbaji waingie chumba cha nyuma ya madhabahu mmoja mmoja, wafunge mlango, waimbe mbele ya simu yake.

Mwangangi alikuwa Mkamba, mwalimu wa hesabu aliyehamishiwa Tetu, nje ya mji wa Nyeri, miaka mitatu nyuma. Ndiye aliyeifufua kwaya ya kanisa lao. Lakini siku hizi alikuwa na mambo. Hakuwakaripia tena waimbaji wa besi wakishuka chini ya noti. Wanawake wakiimba, aliwasogelea mno, macho yakiwa midomoni mwao. Ukimwuliza swali, alicheka na kuondoka. Wacera, aliyeimba sauti ya kwanza kwa miaka kumi na tisa, aliyahesabu hayo yote, kisha akampelekea mzee wa kanisa, Gicheru.

"Huyu mwalimu anaangalia wasichana vibaya, mzee. Na hizo sauti anarekodi, ati anapeleka wapi?"

"Uko na ushahidi?"

"Nitaleta."

Jumatano ilikuwa zamu yake ya kupiga deki kanisani. Alikuta mlango wa chumba kile umeachwa wazi kidogo. Mwangangi alikuwa amempa mgongo, vifaa vya kusikilizia masikioni, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Kutoka mlangoni Wacera alisikia, ndani ya vifaa hivyo, sauti ya Shiku, mdogo kuliko wote katika kwaya, msichana wa miaka ishirini. Nimekushika, aliwaza.

"Mwalimu!"

Hakugeuka. Alivua vile vifaa, akaandika kitu. Wacera akaita tena, kwa nguvu. Ndoo ikamponyoka, ikagonga saruji kwa kishindo, maji yakatapakaa. Mwangangi aliendelea kuandika tu, mpaka maji yalipomfikia viatuni. Hapo akaruka.

"Umesimama hapo tangu lini?" aliuliza, akimtazama mdomoni.

Kwenye karatasi kuliandikwa majina ya waimbaji wote, na mbele ya kila jina, noti alizokosea.

"Sikio la kushoto lilikufa Agosti," alisema. "La kulia linafuata. Mkiimba pamoja nasikia kama mvua kwenye mabati. Mmoja mmoja, nikiweka hivi masikioni, bado nawapata. Niachie mpaka mashindano ya Nyeri yapite, dada. Nitawaambia mwenyewe."

Wacera aliahidi. Kesho yake asubuhi alienda kwa Gicheru kufuta maneno yake.

"Juzi alikuwa mbaya. Leo ni mzuri. Amekupatia nini?"

"Hakuna kitu, mzee. Nilikosea."

"Jambo limefika kwa pasta. Utasema mbele ya wote."

Kufikia Jumapili hata sokoni walijua. Njoki, rafiki yake wa miaka mingi, alimwuliza kama ni kweli yeye na mwalimu walijifungia chumbani kanisani.

Baada ya ibada wazee watano walikaa. Walizungumza kwa kudakizana, na Mwangangi aligeuza kichwa huku na huku, akichelewa kila mara. Wacera aliona kwamba hajui anashtakiwa nini. Akaondoka kwenye kiti chake, akasimama mbele yake kabisa, ili mwalimu auone mdomo wake.

"Mimi ndiye nilisema unatafuta wasichana," alisema polepole. "Nilisema uongo bila kujua."

"Na simu ilikuwa ya nini?" Gicheru akauliza.

Wacera alikumbuka ahadi yake, akamtazama mwalimu. Chumba kizima kilimgeukia Mwangangi, naye akaelewa wanachouliza.

"Sisikii," alisema, kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani. "Ndiyo maana."

Pasta aliomba radhi kwa niaba ya kanisa. Gicheru hakuomba, alitaka kujua kiziwi ataongozaje kwaya. Hata hivyo walimwacha mpaka Nyeri, na huko walikuwa wa nne. Januari Mwangangi aliikabidhi kwaya kwa Shiku.

Wacera alimfuata getini Jumapili hiyo ya kukabidhi, akamshika mkono ili amtazame.

"Nisamehe, mwalimu."

"Nilikusamehe siku ileile, dada. Lakini hilo neno, 'sisikii', lilikuwa langu. Nilikuwa nimechagua siku ya kulisema."

Akamwombea baraka, akavaa kofia, akateremka barabarani. Wacera alibaki pale getini na Biblia yake kwapani, mpaka akina mama wengine wakapita wakiongea kwa sauti ya chini.