Maombi ya Kazi ya Mzee Nassibu

Timu ya taifa ilirudi kutoka kwenye mashindano na mechi tatu, pointi sifuri. Kocha akafukuzwa kabla hajafungua begi, na Kilwa Masoko nzima ikageuka makocha. Muuza samaki kocha, fundi cherehani kocha, hata wale wasiojua kona inapigwaje. Mimi Emerensiana, mama Klementi, nina stationery yangu karibu na stendi. Nawachapia watu barua na kuwatumia maombi ya kazi kwa barua pepe. Shirikisho lilipotangaza nafasi ya kocha, mwisho Ijumaa saa kumi jioni, nilijua tu vituko vitaanza kuingia mlangoni kwangu.

Alhamisi mchana akaingia Mzee Nassibu wa Mitole, mwalimu mstaafu anayelima korosho. Vumbi mpaka kwenye nyusi, kwapani daftari la shule.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka kuomba ile kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kufundisha timu ya taifa."

Jamani! Nilijiuma mdomo. Nikamuuliza uzoefu, akasema amefundisha timu ya shule ya msingi miaka ishirini na tisa. Sifa nyingine? Akanitazama kwa utulivu kabisa. "Andika kwamba naziona mechi kabla hazijachezwa." Nikaandika, vidole vinachapa, tumbo linacheka. Kisha akataka niskani kurasa mbili za daftari lake niziambatanishe, moja ya mechi ya kirafiki ya Jumapili, nyingine ya mechi ya kufuzu ya mwezi unaofuata.

Hapo ndipo nilipokosea, na nasema wazi. Kurasa niliziskani, lakini mtandao ulikuwa unasuasua, halafu niliona aibu upuuzi ule utoke kwenye anwani ya duka langu. Nikabofyabofya tu bila kutuma, nikamwambia, "Tayari mzee, imeenda."

Akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili, machozi yanamlenga. "Umeokoa mtu," akasema. Nikadhani ni uzee.

Jumapili nikaenda kwenye banda la video la Yassin kutazama ile mechi ya kirafiki. Tukafungwa dakika ya kumi na moja. Tukasawazisha ya arobaini. Ya themanini na nane kipa wetu akala kadi nyekundu, wakafunga kwa penalti. Wenzangu walikuwa wanamtukana kocha wa muda. Mimi nilinyanyuka, maana ile dakika ya kumi na moja nilikuwa nimeiona mahali. Nikakimbia dukani, nikafungua kompyuta. Yote yalikuwamo kwenye ukurasa wa kwanza, kwa mwandiko wa kialimu, hadi ile kadi. Na faili lilikuwa la Alhamisi.

Ukurasa wa pili ulikuwa na mstari mmoja tu. "Mechi ya kufuzu. Dakika ya 63, beki wa kati upande wa kushoto anaanguka. Haamki."

Niliogopa, sikatai. Nikasema Mungu amhurumie mama yake. Lakini beki wetu wa upande ule alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na tatu, mtoto wa watu wengine huko, na Ijumaa ilishapita. Nikafunga faili, nikaendelea kuchapa mitihani ya walimu.

Kocha mpya akapatikana, mzungu mwenye vyeti vya kujaza meza. Jambo la kwanza alilofanya, akamwacha yule beki, akamwita mwanangu Klementi, miaka ishirini na moja, aliyekuwa anasugua benchi Dar. Stendi nzima ilipiga vigelegele, nami nikiwemo, mpaka jirani yangu Salome aliposema, "Tena anampa namba ya yule beki aliyeachwa, beki wa kati, kushoto." Nikafunga duka.

Nikachukua bodaboda mpaka Mitole. Mzee Nassibu alikuwa uani kwake anabangua korosho. Nikapiga magoti, nikamwambia ukweli, kwamba barua yake sikuituma, na kwamba beki sasa ni mwanangu. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

"Mimi naiona nafasi," akasema. "Sura siioni."

"Sasa hata ungepewa kazi, ungefanya nini?"

"Pale nisingeweka mtu. Pangebaki wazi dakika zote tisini, hata tufungwe kumi. Nani mwingine anaweza kuamua hilo, zaidi ya kocha?"

"Basi mimi nitamtoa mwanangu."

"Ukimtoa wako, atawekwa wa mwenzio."

"Awekwe!"

Ndivyo nilivyosema. Mzee akainua kidole. "Sikiliza." Mikorosho ilikuwa imetulia, hata jani halitikisiki. Nikasikia watu, maelfu, wanaimba na kupiga ngoma kwa mbali, pale porini ambapo hapakuwa hata na redio. Zile kelele zikapanda, zikapanda, kisha zikakatika zote kwa mara moja.

"Hiyo ni ya Jumamosi, ya kufuzu," akasema, akarudi kwenye korosho zake.

Nilimpigia Klementi. Kwanza alicheka, kisha akanifokea. "Mama, nimeisubiri siku hii tangu nina miaka sita, usinitie mkosi!" Nikamlilia siku tatu. Nikamwambia ikifika dakika ya sitini ajishike paja, akae chini, aombe kutoka, la sivyo asiniite mama tena. Jumamosi asubuhi akaniandikia neno moja, "Sawa."

Banda la Yassin lilijaa mpaka nje. Mpira sikuutazama, nilitazama dakika tu pale juu kwenye kona ya kioo. Ya sitini, mwanangu akakaa chini ameshika paja. Banda zima likaguna. "Kocha gani huyu anaita watoto legelege!" Ya sitini na moja akatoka anachechemea, akaingia mahali pake kijana anayeitwa Yahya, anarukaruka, anagusa nyasi, anajipangusa uso kwa dua. Mtangazaji akasema hii ni mechi yake ya kwanza, na mama yake yuko jukwaani. Wakamwonyesha. Mwanamke wa rika langu, amevaa jezi ya mwanawe juu ya baibui, anapunga mikono yote miwili.

Ya sitini na tatu, Yahya aliruka kupiga mpira kwa kichwa. Hakuna aliyemgusa. Akaanguka, na hakuamka.

Baadaye nilikwenda kwa padri. Nikaungama uongo wa ile barua, nikaungama hata lile neno "Awekwe" nililolitamka mbele ya Mzee Nassibu. Akanipa kitubio, nikakimaliza. Jambo moja sikulisema, na sijui nitalisemaje. Watu walipokuwa wameshika vichwa, na yule mama anashuka ngazi za jukwaa mbio, kamera ilipita kwenye benchi ikamwonyesha Klementi amesimama, mzima. Nikafurahi. Nilifurahi mpaka nikasema asante Yesu kwa sauti, na banda zima likanigeukia.