Mlango wa Mama Madina

...na mlango bado umefungwa, kidole cha Apua kiko pale pale juu ya kibodi, mtoto wake Tiya ananyonya huku akipiga teke ukingo wa meza, na mwalimu Dan anasema kwenye spika, Apua, maabara ya mtandaoni inafungwa sasa hivi, usipopata hilo nenosiri darasa la usalama wa mtandao litaendelea bila wewe, jaribu basi, ni duka la kuigiza, hata ukivunja hakuna mtu atalia... hakuna mtu, lakini wamempa jina, limeandikwa hapo kwenye skrini, Mama Madina, mwenye duka mjini Merti, na mtu akishaitwa mama wa fulani anakuwaje wa kuigiza, kwao huingii boma la mtu kabla hujasimama nje ukakohoa ukasikika, hata kama mbuzi wako amekimbilia ndani, mama yake alikuwa akimwita, rudi Apua, simama hapo, ngoja ukaribishwe... na leo aingie kimya kama fisi... wuueh, mimi niliingia kitambo, Kirimi, mwanafunzi mwenzake, anacheka kutoka kwake Meru, dada, unaogopa mlango wa kompyuta?... amejaribu jina la duka, imekataa, amejaribu moja mbili tatu nne, imekataa, fikiria kama mwizi, anasema Dan, lakini mwizi anafikiria nini, labda hafikirii makubwa, labda anasimama tu sokoni akisikiliza watu wakiitana... Mama Tiya! Uko? ni Deqa huyo, nje ya ua, na mtungi wake wa maziwa ya ngamia, Mama Tiya, unachukua ama nipeleke kwingine?... Tiya, neno hilo hilo ndilo linalofungua simu ya Apua, baruapepe yake, picha zote za mtoto, na tangu azae mji mzima unalitaja kwa sauti, kwenye bomba la maji, kanisani, barabarani, na yeye anaitika, tena kwa furaha... Madina, basi, ni Madina tu, ameshaliandika, bado hajabonyeza, na ghafla hamwonei tena haya huyo mama, anamwonea huruma, amelala akijua amefunga... Apua, uko? anauliza Dan, Mama Tiya! anaita Deqa, na kidole kiko pale pale, hodi, Mama Madina, ananong'ona, amka, mlango wetu uko wazi.