Mbegu za Kizingitini

Wimbo wa pili ulikuwa haujaisha kanisani Nyamoita alipokumbuka chakula cha baba mkwe wake. Alikuwa amekipika jana yake, Ijumaa, kwa kuwa Sabato yeye hawashi moto. Lakini badala ya kukiweka nje mlangoni kama kawaida, alikisahau mezani, ndani ya nyumba yake. Na mzee Angwenyi hangeingia kukichukua hata njaa ingemkaba koo. Kwa Abagusii, baba hakanyagi nyumba ya mwanawe aliyeoa.

Halafu akakumbuka kilichokuwa pale mlangoni.

Mbegu za mahindi. Mwaka uliopita fukusi walimmalizia gunia zima akabaki na unga mtupu, basi safari hii akatwanga majani ya mtupa, akayakamua, akaloweka mbegu zake katika maji yale mazito. Ni mtupa huohuo ambao watu wakiutia mtoni, samaki huelea matumbo juu. Mbegu alizianika kwenye ungo, kizingitini, mahali ambapo mzee alizoea kukuta riziki yake.

Alikimbia mlima wote viatu mkononi. Ungo ulikuwa umechotwa upande mmoja. Jikoni kwa mzee, mtu asiyejua Sabato wala Jumapili tumbo likimdai, kikaango kilikuwa bado cha moto na punje chache zimebaki chini.

"Tata! Baba!" aliita akiwa mlangoni. Hakuitikiwa.

Aliingia sebuleni, akasimama mbele ya pazia la chumba cha kulala. Hapo ndipo mwisho wa mkamwana. Kuvuka ni aibu isiyooshwa na sabuni, na wanawake wa kilima kile wangeila hadi mavuno. Mumewe Gibson alikuwa mji wa Tabaka akichonga mawe. Majirani wote walikuwa kanisani. Nyuma ya pazia kitu kilikoroma, kikanyamaza, kikakoroma tena kwa unyonge zaidi. Nyamoita aliogopa kifo, aliogopa na pazia, na hakujua anaogopa kipi zaidi. Alitoka uani kutazama kama kuna mwanamume anayepita njiani, aingie badala yake. Hakukuwa na mtu. Alirudi, akasimama tena.

Mkoromo ulipokatika, akalivuta pazia.

Mzee alikuwa sakafuni, uchi, amejitapikia. Nyamoita alimfunga kwa leso yake mwenyewe, akambeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha bodaboda.

Jioni hospitalini Angwenyi alifumbua macho, akageukia ukuta.

"Nilikusikia ukiniita," alisema. "Sauti nilikuwa nayo."

Nyamoita alimuuliza polepole mbona hakuitika.

"Sikuwa na nguo, mwanangu. Ungeingia."

Nyamoita aliinamisha kichwa. Hakuweza kumwambia kwamba yeye pia alimsikia akikoroma, tangu mwanzo, na akatoka nje kumtafutia mwanamume.