Kiti cha Pijo

Ko. Ko. Ko. Kilikuwa kisauti kidogo, kama panya anayechezea mfuniko wa sufuria. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeingia kutoka masomo ya jioni pale Nyaishozi, umeme umekatika, daftari bado liko kwapani. Nikapapasa jikoni, sufuria zimetulia. Nikaenda chumbani. Kitanda cha mwanangu Ainebyona kilikuwa kitupu.

Mama mkwe wangu, Stephania, alikuwa kibarazani anamenya ndizi kwa mwanga wa kibatari. Alisema Aine alikuwa hapo sasa hivi tu. Ko. Ko. Nikaifuata ile sauti nje, katikati ya migomba, mpaka kwenye Pijo, lile gari bovu la mizigo.

Alikuwa ndani, paji la uso limegusa kioo, anagonga kwa kucha. Hakuwa analia tena. Alikuwa amelia mpaka sauti ikamwisha. Mlango wa dereva wa gari lile ukijifunga haufunguki kwa ndani, vioo havishuki, na mlango wa pili umezibwa na shina la mparachichi lililokua likauegemea. Nilimtoa akiwa ameloa jasho, ananuka oili na mavi ya kuku. Pale pale, nikiwa nimempakata, nikaamua: gari hili litaondoka.

Pijo lilikuwa la baba mkwe, marehemu mzee Yustus. Enzi zake lilibeba kahawa ya nusu ya kijiji cha Ihembe. Hata injini ilipokufa, mzee hakuacha kulikalia. Asubuhi alinywa uji humo, mchana akasuluhisha humo kesi za mipaka, wagomvi wamesimama dirishani. Alipofariki, wazee wa ukoo walitafuta kigoda chake ili wamkalishe mrithi, kama ilivyo desturi. Kigoda hakikuonekana, mchwa walishakila zamani. Basi wakamkalisha mume wangu, Gosbert, kwenye kiti cha dereva cha Pijo, wakampa mundu wa baba yake mkononi, na mambo yakaisha.

Kwa hiyo nilimwambia mama mkwe kwamba namwita mkata vyuma. Aliendelea kupepeta maharage. Ungo ulipokuwa umebaki safi ndipo akasema, "Unataka kukata kiti alichokalishwa mumeo."

Nikamwambia mjukuu wake nusura tumpoteze. Akasema mtoto afundishwe kukaa mbali, mbona Gosbert alikulia humo humo na hakufa.

Nikampigia Gosbert, ambaye yuko Kayanga kwenye mashine ya kukoboa kahawa. Alikubali haraka. Akasema yeye ndiye mwenye kiti, na likatwe hata kesho. Kisha akashusha sauti. "Ila usimwambie mama kwamba nimesema mimi."

Nilicheka japo nilikuwa na hasira. Mume wangu ana miraba minne, lakini mbele ya mama yake ni kifaranga.

Mimi mwenyewe nikamtafuta Theoneste wa Nyakatuntu, anayezunguka vijijini na kirikuu chake, kile kigari kidogo cha mizigo, akinunua vyuma chakavu. Jirani yangu Adventina alinishauri tulikate Jumapili, mama akiwa kanisani. Nilikataa. Sikutaka akirudi akute shimo na mimi natazama chini. Nilimwambia Theoneste aje mchana, apite mbele ya nyumba, asalimie. Na oili yote aikinge kwenye madumu, isimwagike hata tone, maana chini ya mteremko ule ndipo tunapochota maji.

Akaja, akatoa shikamoo, akaketi. Mama akamletea buni za kutafuna kwenye kikapu, kama anavyomfanyia mgeni yeyote, kwa sababu kumnyima ingekuwa aibu yake. Theoneste alipomaliza kutafuna, mama akakaza kanga kiunoni, akatembea mpaka kwenye Pijo, akaingia, akabamiza mlango.

"Likateni," akasema kupitia kioo, "na mimi humu."

Theoneste akaweka chini grenda yake ya kukatia chuma. "Mama Aine, mimi napima chuma tu," akaninong'oneza. "Bibi sina mizani yake." Akaenda kujilaza kivulini mwa kirikuu.

Nami nikaleta mkeka wangu nikakaa chini ya mparachichi, nikaanza kuchambua maharage. Kama yeye ana siku nzima, na mimi ninayo. Jua likapanda. Mama alikaa wima, mikono kwenye usukani, kama anayekwenda Bukoba. Baadaye nikaona mkono mmoja unashuka kwenye kitasa. Ukarudi. Ukashuka tena. Bega likasukuma mlango, taratibu, kwa namna ya mtu asiyetaka kuonekana anasukuma. Shingo yake iling'aa jasho. Aine, aliyekuwa anacheza na magunzi kando yangu, aliacha magunzi akautazama ule mlango.

Ko. Ko. Ko. Pete ya ndoa kwenye kioo.

Ningeweza kumwambia akubali kwanza. Neno lilifika mpaka mdomoni. Nililimeza, nikaruka, nikainua kitasa, nikapiga teke chini pale panapokwama. Mlango ukafunguka. Mama hakushuka. Alitoa miguu nje, akabaki amekaa anatafuta pumzi. Nikampa maji.

Alipokwisha kunywa akakitazama kioo. Kwenye vumbi kulikuwa na mikwaruzo myembamba ya kucha, chini kabisa, kimo cha mtoto.

"Nilisikia siku ile," akasema. "Nikadhani ni panya."

"Hata mimi, mama."

Nikasema lile nililokuwa nimelifikiria siku zote hizo. "Wazee walimkalisha Gosbert kwenye kiti. Hawakumkalisha kwenye mlango."

Mama aliinuka kwenye kile kiti, akasogea pembeni, na Theoneste, ambaye kumbe hakuwa amelala, alikuwa tayari ameshika spana.

Bolti zilikuwa na kutu, zikagoma, zikamwagiwa dizeli, zikakubali. Kiti kikatoka kwanza. Mama mwenyewe alishika upande mmoja, mimi upande wa pili. Ndipo oili ikakingwa, betri ikawekwa kando, na grenda ikaanza kulia. Mama aliuliza vyuma vinakwenda wapi. Theoneste akasema vinakwenda kuyeyushwa, vinatoka nondo.

"Waambie watengeneze majembe," mama akamwagiza, kana kwamba kiwanda ni cha Theoneste. Naye akaitikia vizuri kabisa kwamba atawaambia.

Jioni kiti kilikuwa sebuleni, kimesuguliwa, kimewekwa juu ya magogo mawili, chini ya picha ya mzee. Mama akakikalia, akamwita mjukuu wake. Aine hakwenda. Alisimama mbali kidogo, kisha akakizunguka polepole, akapapasa hewa upande wa kulia, akapapasa upande wa kushoto. Ndipo akapanda mapajani kwa bibi yake.

"Kiti hiki hakina mlango," akasema.