Manjano Iliyofutwa

Gathoni alisimama mlangoni mwa ukumbi wa chama cha ushirika, Bungoma, akaitazama picha yake kwenye skrini kubwa ya mbele. Akangoja. Dakika tano zikapita na picha ikabaki kijani tupu.

Hiyo haikuwa picha aliyoileta.

Gathoni hufundisha kompyuta katika chuo kimoja mjini Kitale, na wikendi, nyumbani kwake Matisi, huandika programu za kuchora. Yeye huweka kanuni na rangi. Mengine kompyuta hubahatisha. Picha hii aliianza mwaka jana, baada ya mbolea feki kuharibu shamba la babake huko Kiminini. Mahindi yalifika magotini, yakageuka manjano, yakakoma hapo. Akatengeneza uwanja wa miraba elfu kumi ya kijani. Kila mraba huwatazama jirani zake. Wawili wakiugua, nao unaweza kuugua na kugeuka manjano. Hakuna ajuaye ugonjwa utaanzia wapi, kwa hiyo picha haijirudii kamwe.

Rangi ndiyo iliyomsumbua. Manjano ya kwanza ilifanana na ndizi mbivu, ya pili na basi la shule. Mwishowe alichuma jani shambani, akaliweka kando ya skrini, akapunguza mng'ao, akatia zambarau kidogo ukingoni. Babake alipoiona aligeuza uso.

Ushirika ulimwomba aionyeshe siku ya wakulima. Siku mbili kabla, akamtumia faili fundi wao, Kizito.

"Kizito, umefanya nini?" Gathoni aliuliza alipomfikia sasa ukumbini.

Kizito alikuwa kwenye meza ya kompyuta. Hakuinua macho. "Si mimi, madam. Ni mwenyekiti. Wanachama walinunua ile mbolea hapa kwetu, akasema manjano italeta maneno. Nikabadilisha namba moja tu. Ile ya kuugua, nikaweka sifuri."

"Moja tu."

"Hata jina lako nimeacha hapo chini."

Jina ndilo lililomchoma zaidi. Uongo ule ulikuwa umetiwa sahihi yake.

Mwenyekiti Eliakim alikuja akitabasamu. "Karibu, mwalimu. Watu wameipenda, bana. Inatuliza macho."

"Baba yangu hakuvuna hata debe moja. Ulitaka nimtulize nani?"

"Si hiyo ilipita? Leo ni sherehe."

Gathoni aliigeukia meza ya kompyuta. Alimwambia Kizito asimame, akakaa yeye. Kwa hasira akakosea namba mara mbili. Ya tatu ikakubali.

Manjano ilitokea juu, upande wa kushoto, kidoa tu. Kisha ikashika. Waliokuwa wakiongea nyuma wakageuka kutazama. Mama mmoja wa Myanga, Nasimiyu, aliinuka akaenda hadi mbele ya skrini.

"Hii ni shamba," alisema. "Hii ni shamba yangu."

Eliakim alichomoa waya. Akatangaza kuwa soda ziko tayari.

Watu hawakuzifuata soda. Walibaki wakimuuliza mwenyekiti kuhusu mbolea, mmoja baada ya mwingine, bila kupaza sauti, naye akawa anatazama saa. Gathoni aliwaacha hapo. Njia nzima hadi Kitale taya zilimuuma kwa kuzikaza.

Jumatatu Eliakim alimtumia ujumbe: yaliyopita yamepita, je, angeweza kuwatengenezea nyingine, labda ya maua?

Gathoni aliandika, "Hapana," akatuma. Akaona ni fupi mno. Akavuta kiti, akaanza kumwandikia mwenyekiti barua kuhusu ile mbolea na picha iliyobadilishwa, na nakala yake akapanga kuwapelekea wanachama wote.