Mzabibu Juu ya Paa

Watu wa jengo letu husema mimi mkali, nami sibishi. Mwanamke wa miaka sitini na tatu anayepanda ngazi kila alfajiri na ndoo za maji, kwa kuwa lifti haina umeme, usitegemee akuamkie kwa maneno ya asali. Lakini kwa Nuhad sikuwa mkali hata siku moja. Kwa Nuhad nilikuwa laini kama unga, na hilo ndilo linaloniuma.

Jengo letu liko Mar Elias, hapa Beirut, lina ghorofa sita. Mimi nakaa ya tano, peke yangu, na Nuhad anakaa ya sita na mumewe Fawzi, kinyozi. Juu yao ni paa, na paa lile kwa miaka kumi na mitano lilikuwa shamba langu. Nilianza na makopo mawili matupu ya mafuta ya zeituni. Niliyatoboa chini kwa msumari, nikatandika vigae vilivyovunjika, nikajaza udongo niliopandisha mwenyewe ndoo kwa ndoo. Kila kopo nililikalisha juu ya matofali ili maji yasituame yakavujia darini kwa Nuhad. Mwisho yakawa makopo sabini na mawili: nanaa, rehani, zaatari, nyanya, bilinganya, ndimu mbili za kwenye beseni. Na katika pipa la buluu, mzabibu.

Mzabibu tuliupanda pamoja. Nuhad ndiye aliyeniletea kijiti chake kutoka kwa wakwe zake Zahle, amekifunga kwa gazeti bichi kama mtoto mchanga. Ukashika, ukapanda nyaya nilizofunga kati ya matangi ya maji, ukatuwekea kivuli. Kila majira ya kuchipua tulichuma majani machanga, tukaviringia wali na ndimu, jengo zima likanusa. Sina mtoto, sina shamba, nyumba ya mama yangu huko Hasbaya anakaa dada yangu Samia, ambaye tulikuwa hatusemezani mwaka wa saba huo. Nilichokuwa nacho duniani cha kuita changu ni kile kivuli.

Chini ya kivuli hicho tulikunywa kahawa kila asubuhi nikishamaliza kumwagilia. Tukimaliza, napindua kikombe changu kwenye kisahani, nakizungusha, nampa Nuhad asome bahati yangu kwenye mashapo. Hakuna mwanamke mtaani kwetu asiyejua kusoma kikombe kidogo, lakini Nuhad alikuwa na jicho. Alisoma kuwa uvimbe wangu wa titi si kitu, na kweli haukuwa kitu. Alisoma kuwa yule muuza vitambaa aliyetaka kunioa nilipofiwa na mume ana sura mbili, nikamkataa. Tulicheka, tukasema ni upuuzi, halafu mimi nikafanya vilevile kikombe kilivyosema. Baadaye mashapo tunayamwaga kwenye rehani, inapenda sana mashapo ya kahawa.

Ikaja miaka hii ya giza. Umeme wa serikali saa moja kwa siku, siku nyingine hata hiyo hakuna. Kila jengo likaanza kupandisha paneli za sola juu, mpaka ukitazama kutoka kwetu unaona mapaa ya Beirut yote yamekuwa meusi. Nilijua zamu yetu itafika. Bwana Mitri, mwenyekiti wa kamati ya jengo, mstaafu wa benki anayependa kuandika barua hata kwa jirani wa mlango wa pili, akatuita kikao mwezi wa tisa. Akasema paneli zitawasha taa za ngazi, pampu ya maji na lifti saa nne kwa siku. Ila fundi amesema bustani lazima iondoke yote, na mzabibu kwanza, kwa sababu ya kivuli chake.

Nikasema hapana. Nilisema kwa sauti ambayo nadhani waliisikia hadi baharini. Kwa utaratibu wetu nyumba moja ikikataa haizuii kitu, lakini mbili zikikataa jambo linalala. Nuhad alikuwa amekaa kiti cha pembeni yangu. Akasema naye hapana. Bwana Mitri akamtazama kwa muda mrefu, kama mtu aliyesikia vibaya, kisha akafunga daftari. Nilimshika Nuhad mkono tukapanda wote, nikamwambia shoga, leo umenifaa.

Sasa niseme ukweli wangu mapema, nisije nikaonekana najisafisha. Fawzi, mume wa Nuhad, miguu yake ilimkataa baada ya kiharusi. Alikuwa hajashuka chini kwa miezi kumi na minne. Duka lake la kunyoa liko hapohapo chini ya jengo, kiti cha kunyolea kimefunikwa shuka, na yeye yuko ghorofa ya sita anasikia wateja wake wakipiga soga barabarani. Mwanzoni, mara mbili vijana wa mtaa walimbeba kwa kiti, akaona aibu, akaapa habebwi tena mpaka siku ya jeneza. Haya yote niliyajua, na supu nilimpelekea. Lakini siku ile ya kikao, walipotaja lifti, mimi nilikuwa nawaza mzabibu.

Wiki tatu baadaye, asubuhi moja, Nuhad alikigeuza kikombe changu akakaa nacho muda mrefu kuliko kawaida. Nikamuuliza kuna nini. Akaniinamishia kikombe nione.

"Hii ni njia nyeupe," akasema. "Na hapa mwisho wa njia pana mlango, na mwanamke amesimama mlangoni anakungoja. Amevaa nyeusi. Samia huyo."

"Samia hawezi kuningoja mimi, labda aningoje na ufagio."

"Anakungoja, Hiyam. Na hii hapa ni zeituni. Nenda sasa hivi wakati wa kuvuna, usingoje wiki ijayo. Mlango huu naona unajifunga."

Nikasema na bustani je. Akasema, hivi mimi nimekatwa mikono? Nitamwagilia mimi. Akahesabu kwa vidole: nyanya kila siku, nanaa kila siku, zaatari mara mbili kwa wiki isije ikaoza, mzabibu ndoo moja Ijumaa. Alikuwa anajua kila kitu. Machozi yalinilengalenga, jamani, kwa jinsi nilivyoona nimebarikiwa kupata mwenzangu yule. Nikampa ufunguo wa mlango wa paa.

Samia alinifungulia mlango bila ufagio. Alikuwa amevaa bluu, si nyeusi. Hakunikumbatia wala hakunifukuza, akaniambia kuna turubai la kutandika chini ya miti na mikono haitoshi, nikashika kazi. Tulivuna siku kumi na mbili. Tulizungumza kidogo, tukala wote, tukagombana mara moja tu, kuhusu chumvi. Nikajiambia kikombe kimesema kweli. Jioni ya mwisho, nikifunga mzigo, Samia akaniambia nina rafiki mzuri kule Beirut. Nikamuuliza kwa nini. Akasema Nuhad alimpigia simu kabla sijafika, akamwambia mimi nimechoka sana, nakaribia kuugua, anipokee hata kama ana kinyongo, na asiniachie nirudi kabla wiki mbili hazijaisha.

Niliguswa. Mniamini, niliguswa. Nilimnunulia Nuhad sabuni za zeituni njiani, sita, akaweke kabatini zinukie nguo.

Nilifika jengoni mchana. Kwenye ukumbi wa chini, kando ya masanduku ya barua, niliona makopo yangu yamepangwa ukutani, kama ishirini hivi, mengine nanaa imekauka, mengine ni udongo mtupu. Mlinzi wa jengo aliponiona akainuka akaingia chumbani kwake akafunga mlango. Nikapanda ghorofa sita bila kupumzika. Mlango wa paa ulikuwa wazi. Paneli zilikuwa zimejaa kutoka ukuta mpaka ukuta, safi, nyeusi, zinang'aa. Pipa la buluu lilikuwa bado lipo pale pembeni kwa sababu lilikuwa zito, na ndani yake mzabibu umekatwa kwa msumeno sawasawa na mdomo wa pipa. Kisiki kilikuwa kikavu tayari. Nilikigusa kwa kidole nikakaa chini juu ya saruji.

Bwana Mitri ndiye aliyekuja, na karatasi mkononi, maana yeye bila karatasi haendi popote. Alisema anasikitika, lakini kila kitu kimefuata utaratibu, pingamizi limebaki moja. Akanionyesha sahihi ya aliyeondoa lake. Ilikuwa ya Nuhad, ile N yake kubwa ya mkia, na tarehe ilikuwa ya siku tatu kabla ya kusomewa kikombe.

Siku tatu. Maana yake asubuhi tatu alikaa chini ya mzabibu ule, akanywa kahawa yangu, huku ameshauuza. Niliposoma tarehe ile ndipo nilipoelewa simu ya Samia, na njia nyeupe, na mwanamke mwenye nguo nyeusi. Kilichonikata maini si majani. Majani huota. Nilikuwa nimepakwa mafuta kwa mgongo wa chupa na mtu niliyekuwa nampindulia kikombe kila siku ya Mungu.

Nilishuka nikagonga kwake. Alifungua mwenyewe, akasogea nje, akavuta mlango nyuma yake ili Fawzi asisikie. Alikuwa amekonda. Sikumsalimu.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza.

"Ningekuambia ungekubali?"

"Ningekubali. Ningeyashusha makopo kwa mikono yangu hii."

Nuhad akanitazama, hakukwepa. "Siku ya kikao nilikaa pembeni yako, Hiyam. Mitri alipotaja lifti, nilingoja useme jina la Fawzi. Mara moja tu. Hukusema. Na mimi nikasema hapana kwa ajili yako, nikarudi ndani nikamkuta dirishani anawaangalia watu barabarani. Ningefanyaje?"

"Ungelisema wewe hilo jina. Wewe ndiye mkewe."

"Nikuombe halafu ukatae? Ukinikatalia nitakuchukia, na mimi sina mwingine wa kunywa naye kahawa."

Neno hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na ukweli wake ulinitia hasira zaidi. Nikamuuliza jambo lililobaki.

"Na kikombe?"

Akashika kitasa cha mlango.

"Uliona nini kwenye kikombe, Nuhad?"

"Sikuona kitu," akasema. "Kahawa."

Nikamtupia sabuni zake miguuni nikaondoka. Nililala kitandani mchana kutwa na nguo za safari. Nikawa napitia vikombe vyote vya miaka kumi na mitano, kimoja baada ya kingine. Yule muuza vitambaa, kwa mfano. Nuhad aliona sura mbili, au aliona kuwa nikiolewa nitahamia kwao Tripoli, huko kaskazini, na yeye atabaki bila mwenzake? Sitajua tena. Ukishagundua mtu amekudanganya kwa kitu kimoja, anakuchukulia na vile vingine vyote vya nyuma, hata vilivyokuwa vya kweli. Nililia kwa ajili ya mtu ambaye hata sura yake siikumbuki vizuri.

Sikupanda tena paani. Kahawa nikawa nanywa peke yangu jikoni, kikombe nakisuuza mara moja. Nuhad alikuja kubisha siku nne mfululizo, siku ya tano hakuja.

Mwezi wa kumi na moja ulipoanza wakaunganisha lifti. Nilikuwa chini, narudi sokoni, niliposikia kamba zake zikilalamika baada ya kimya kirefu kile. Mlango ukafunguka, akatoka Fawzi. Amevaa koti lake jeupe la kinyozi, limepigwa pasi, ameshika mkongojo, miguu inatetemeka. Nuhad alikuwa nyuma yake amebeba mto wa kukalia. Aliponiona akasimama palepale ndani ya lifti.

Fawzi akanijia polepole, hatua kwa hatua, akanikataza nisimsogelee. Alipofika akauchukua mkono wangu wenye mfuko wa viazi akaubusu.

"Shemeji," akasema, "Nuhad ameniambia kila kitu. Kwamba yeye aliona haya kukuomba, na wewe ndiye uliyemfuata mlangoni ukamwambia, chukueni paa, Fawzi ashuke. Ukaenda zako Hasbaya usije ukaona mzabibu ukikatwa. Nimekaa ndani miezi kumi na sita nikidhani watu wamenisahau."

Alikuwa analia, mwanamume yule mzima, wala hajifuti. Mlinzi alikuwa anatusikiliza. Bwana Mitri alikuwa kwenye masanduku ya barua, ameinamisha kichwa. Nikamtazama Nuhad juu ya bega la mumewe. Alikuwa ameukumbatia ule mto kifuani, ananiangalia kwa macho ya mtu anayeomba asipigwe.

Basi ndivyo alivyonifanyia mara ya pili. Kwanza alichukua nilichokuwa nacho, kisha akanivika kilemba cha ukoka mbele ya mgonjwa, kwa wema ambao huenda ningeutenda kweli. Kama tu ningepewa nafasi ya kuulizwa. Sasa sitajua kama ningeutenda, na yeye hajui, na Fawzi peke yake ndiye anayejua, tena anajua uongo.

"Ndiyo," nikamwambia Fawzi. "Nilisema hivyo. Nenda, kiti chako kina vumbi."

Akatoka nje kwenye jua, na watu wa barabarani wakaanza kumwita jina lake. Nuhad alipita karibu yangu na ule mto, akanong'ona kitu, nadhani ilikuwa asante. Lifti ilikuwa bado wazi, taa yake inawaka. Nikachukua viazi vyangu nikapanda kwa ngazi.