Mwambie Kabla Hujamgeuza

Alhamisi ile Titus aliacha mfuko wa upanga nyuma ya mlango, kama alivyofanya kila Alhamisi, ili akirudi kutoka kazini auchukue bila kuvua viatu. Alikunywa chai amesimama. Alimkumbusha binti yetu Makena asisahau ufunguo. Kisha akapanda treni ya kwenda kwenye ghala alikofanya kazi, na moyo wake ukasimama kabla hajafika. Nimeambiwa kwamba waliokuwa naye behewani walijaribu kumsaidia na kwamba mmoja wao alikuwa muuguzi. Sikupata kulijua jina lake ili nimshukuru.

Jioni, nyumba ikiwa imejaa watu wa kanisa, simu ya Titus iliita kutoka ndani ya mfuko wa plastiki tuliokabidhiwa hospitalini pamoja na nguo zake. Nikaipokea. Sauti ya mzee Mwingereza ikasema, "Titus, tumekaa hapa tunakusubiri. Hakuna wa kutusomea."

Nilimpa simu Victor, ndugu yake Titus, naye akatoka nayo nje.

Yule mzee ni Albert. Anafundisha upanga katika ukumbi wa kanisa hapa Edmonton, kaskazini mwa London, mwendo mfupi kutoka kwetu. Titus alimfahamu kwa bahati tu. Makena alikuwa akicheza dansi katika ukumbi huohuo, na siku moja baba yake alipokwenda kumchukua alikuta kundi la dansi linatoka na watu wengine wanaingia na mifuko mirefu. Akakaa kwenye benchi atazame kidogo. Makena alinipigia simu kulalamika kwamba baba hataki kuondoka.

Sio upanga wa sinema. Wao wanafuata vitabu vilivyoandikwa kwa mkono Ujerumani zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Titus alinieleza mara nyingi nikipika, kwa hiyo nakumbuka zaidi ya nilivyodhani nasikiliza. Alikuwako fundi mmoja wa zamani aliyeacha mashairi ya kufundisha upanga, mashairi mafupi na magumu makusudi, ili asiye mwanafunzi wake asiyaelewe. Baada yake wakaja watu wengine wakaandika maelezo, mstari kwa mstari. Wengi wa hao hawakuweka majina yao. Ilimsumbua sana Titus. "Mama Makena, hebu fikiria. Mtu anajua haya yote, anakaa anaandika kitabu kizima, halafu hasemi yeye ni nani."

"Labda aliogopa mkewe," nilimjibu.

Alikuwa akisimama jikoni na mwiko, anaonyesha namna za kujikinga. Ziko nne, na kila moja ina jina. Moja inaitwa Fahali, mwiko juu karibu na sikio, umeelekea mbele kama pembe. Nyingine ni Plau. Aliyoipenda zaidi ni ile inayoitwa Mjinga, ambapo ncha ya upanga inaelekea chini na wewe unaonekana huna habari. "Unamwacha akudharau," alisema. Makena alikuwa anamjibu kwa Kiingereza, kama anavyotujibu siku zote, kwamba hiyo haihitaji mafunzo kwa mtu kama yeye. Titus alicheka mpaka mwiko ukaanguka.

Kitu kimoja alikirudia mara nyingi. Kuna kitabu fulani kati ya hivyo ambacho kwa miaka mingi wataalamu walisema kimeandikwa na kasisi mmoja, kwa sababu jina lake limo ndani. Baadaye wakasoma vizuri wakaona jina limetajwa tu pamoja na mafundi wengine. Hapakuwa na ushahidi kwamba ndiye mwandishi. "Maskini kasisi," Titus alikuwa akisema. "Amebebeshwa kitabu cha mtu."

Kwetu Wakenya, hata huku London, mtu haagwi bila kijitabu cha historia ya maisha yake. Kinachapishwa pamoja na picha, kinasomwa mbele ya watu, na kila mtu anarudi nacho nyumbani. Victor ndiye aliyekiandika. Kilikuwa kizuri. Shule aliyosoma, mwaka aliokuja Uingereza, kwaya. Mwishoni palikuwa na sentensi inayosema marehemu alipenda michezo.

"Michezo gani, Victor?" nilimuuliza.

"Shemeji, niandike nini? Kwamba mtu mzima wa Meru alikuja Ulaya kufundishwa kushika upanga na Wajerumani waliokufa? Pasta asome hiyo?"

Utani huo alikuwa akimtania Titus mwenyewe kila Krismasi, na Titus aliupenda. Siku ile nilijua hasemi kwa ubaya. Kijitabu kikachapishwa hivyo. Tulimsafirisha, tukamzika kwao Nkubu, kando ya baba yake. Mimi na Makena tukarudi Edmonton, mahali ambapo hapakuwa na kaburi la kwenda kusimama. Palikuwa na mfuko nyuma ya mlango. Kila nilipofungua mlango uligonga ukuta kidogo, nami sikuuhamisha.

Miezi ikapita. Albert akapiga simu tena, safari hii simu yangu. Alisema kundi limeamua kuzikusanya karatasi zao zote, walimoeleza vile vitabu vya zamani kwa Kiingereza, na kuzifanya kitabu, ili wanaoanza wawe na kitu cha kushika. Alifikiri ningependa kujua, kwa sababu Titus alifanya kazi kubwa katika karatasi hizo.

"Jina lake litakuwemo?" nikauliza.

"Karatasi zetu hazina majina, Lydia. Zimepita kwenye mikono mingi mno. Lakini njoo Alhamisi uziangalie. Ukiniambia ukurasa huu ni wake, nitaliweka jina lake juu ya ukurasa huo. Wenzangu wamekubali."

Nililala nikiwa na furaha kwa mara ya kwanza tangu tumzike. Niliona ni kazi rahisi. Nimeishi na maneno ya Titus tangu nikiwa msichana. Nisingeyajua?

Alhamisi tulikwenda, Makena akiwa amebeba mfuko. Ukumbi ulikuwa na baridi na harufu ya sakafu iliyopigwa polishi. Albert ni mrefu, mikono yake inatetemeka mpaka ashike upanga, hapo inatulia. Alinikumbatia, akaniweka kwenye kiti karibu na birika la chai, akaniwekea karatasi magotini. Zote zilikuwa zimechapwa kwa kompyuta moja, kwa Kiingereza kilekile kikavu. Upanga wake ukija juu, fanya hivi. Akiondoa, mfuate. Nilisoma moja, nikasoma nyingine. Nilitafuta utani wake. Nilitafuta hata makosa yake, maana alikuwa na makosa yake ya Kiingereza niliyoyapenda. Yote yalikuwa yamesahihishwa. Ilikuwa kama kutafuta sauti ya mtu mmoja ndani ya kwaya iliyorekodiwa zamani. Unajua alikuwemo, unajua alisimama upande gani, lakini husikii.

Makena aliniangalia usoni akaenda kusimama dirishani.

Albert akaja. "Hujampata?"

"Bado."

"Tuzisome kwa sauti basi. Ndivyo zilivyoandikwa."

Huo ndio utaratibu wao. Mmoja anasoma, wawili wanafanya polepole sana yale yanayosomwa. Mwili ukikataa, msomaji anasimama, wote wanabishana, kisha neno linafutwa kwa penseli na lingine linaandikwa. Aliyeleta neno haandikwi. Wiki inayofuata linajaribiwa tena. Titus ndiye aliyekuwa msomaji, kwa sababu ya sauti yake ya kusomea Injili, isiyo na haraka. Tangu afariki, Tatiana amechukua kazi hiyo, mama mmoja wa makamo anayefanya kazi ofisini.

Tatiana alisoma karatasi kadhaa huku wenzake wakienda na kurudi sakafuni. Sikusikia kitu. Akafika kwenye ukurasa wa kumwangusha mtu. Katika ufundi huo unapita chini ya mkono wa mwenzako aliyenyanyua upanga, unaweka mguu nyuma ya mguu wake na kumgeuza mpaka anaanguka. Aliyekuwa sakafuni pamoja na Albert alikuwa kijana mpya, Malek.

Tatiana akasoma, "Mwambie kabla hujamgeuza."

Malek akacheka. "Nimwambie adui? Samahani bwana, sasa nakuangusha?"

"Umwambie," alisema Tatiana. "Huyu ni mwenzako, na sakafu ni mbao. Mimi nimevunjwa mkono na mtu ambaye hakuniambia." Akaendelea kusoma. "Leta mguu wako karibu na wake kabla mkono wako haujamgusa. Mshike kana kwamba unamzuia asianguke."

Nilisimama. Karatasi zikamwagika.

Titus alipokuja Uingereza nilikuwa nimetangulia, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kama yangu, kutunza wazee. Kabla hajaanza nilimfundisha sebuleni. Nilijilaza kwenye kochi, nikawa bibi kizee asiyeweza kusimama, yeye anihamishe mpaka kwenye kiti. Alininyanyua kama gunia la viazi.

"Baba Makena, mimi ni mtu," nikamwambia. "Niambie kwanza unataka kufanya nini, ndipo unigeuze."

"Kwani hujui nataka kufanya nini?"

"Mimi najua. Bibi hajui. Halafu usininyakue ukiwa huko mbali, utaumia mgongo. Leta mguu karibu. Sasa nishike kana kwamba unanizuia nisianguke."

Tulirudia mpaka akaweza. Baadaye hakuniweka kwenye kiti. Alibaki amenishika katikati ya sebule, na mimi sikumkumbusha kiti.

Hayo ndiyo Tatiana aliyokuwa akiyasoma, katika Kiingereza kikavu, kwa watu wenye panga.

"Ni huo?" aliuliza Albert. Alikuwa amekwisha kutoa penseli mfukoni. Wote walikuwa wamesimama, hata Malek, na niliona wanataka niseme ndiyo. Mimi pia nilitaka. Ni vitu vichache nimewahi kuvitaka namna ile. Neno moja lingetosha na jina lake lingekaa juu ya ukurasa ule, limechapishwa, mahali ambapo hakuna wa kuandika kwamba alipenda michezo.

"Aliuleta yeye," nikasema. "Lakini maneno ni yangu. Nilimfundisha nyumbani."

Albert akatabasamu. "Basi tuweke jina lako."

"Si yangu pia. Mimi nilifundishwa Croydon na mama mmoja, Pramila. Tulifanya mazoezi kwa mdoli wa ukubwa wa mtu. Yeye naye sijui alifundishwa na nani."

Makena alikuwa amesogea. Alisema kwa Kiingereza, polepole, "Mama, Baba hangekataa."

"Angekataa. Umemsahau kasisi?"

Aliangalia chini, kisha akacheka kidogo, na machozi yakamtoka hapohapo. Albert alikuwa anamjua kasisi, bila shaka. Alirudisha penseli mfukoni. Akaniuliza kama nataka chai. Nikakaa nayo mkononi bila kuinywa, nikiona nimekuja kuchukua kitu na sasa ninarudi bila hicho kitu, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Tatiana ndiye aliyeokota karatasi. Akiwa bado amechuchumaa akamwambia Albert, "Kuna ile orodha. Ile ya mafundi, wenzake yule wa mashairi."

Albert akanieleza. Katika baadhi ya vile vitabu vya Kijerumani kuna mahali ambapo mwandishi anawataja mafundi, si kwamba waliandika, ila kwamba walikuwako. Na aliyekuwa amekwisha kufa, pembeni ya jina lake huandikwa kwamba Mungu amrehemu. Ndivyo watu wanavyojua leo kwamba wakati kitabu kinaandikwa huyu alikuwa hai na huyu hayupo tena.

"Titus aliipenda sana sehemu hiyo," alisema Albert. "Kila mara alipoifikia alisimama kidogo kabla ya kusoma jina linalofuata. Tulidhani amepoteza mstari."

Niliweka kikombe chini. Kisha nikamuuliza kama kitabu chao kitakuwa na orodha kama hiyo. Akasema sasa kitakuwa nayo. Akauliza waandike Titus alikuwa nani katika kundi, nami nikasema waandike ukweli.

Kitabu kimetoka. Ni chembamba, kina jalada la kijivu, na hakuna jina la mwandishi popote. Ukurasa wa kwanza umewataja wote wa ukumbini, na kati yao pameandikwa: Titus Murithi, aliyetusomea, Mungu amrehemu. Maneno ya mwisho yako kwa Kiswahili. Nilimpelekea Victor nakala moja. Alisoma ukurasa ule, akaifunga nakala, akaifungua tena, akaniuliza kama anaweza kubaki nayo.

Makena amejiunga na kundi. Upanga wa baba yake bado ni mrefu kwake, kwa hiyo anatumia wa ukumbini, na wa Titus anautumia Malek. Mfuko haukai tena nyuma ya mlango. Alhamisi nikitoka kazini nakwenda kumchukua Makena, nafika mapema, nakaa kwenye benchi. Tatiana anasoma.